Gitaa la Dukani au la Mtandaoni: Piga Hesabu Hadi Mlangoni

Bei ya gitaa inayotangazwa kwenye mtandao mara nyingi huwa chini ya ile ya maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam. Hata hivyo, mwenye bendi au mfanyabiashara anayetaka kuweka fedha zake katika ala za muziki hana budi kufahamu kuwa bei hiyo siyo gharama ya kulifikisha gitaa mikononi mwake.

Forodha haitozi ushuru kwa bei ya kununulia peke yake. Kwanza hujumlishwa bei, bima na nauli ya mzigo, ndipo ushuru hukokotolewa. Baada ya hapo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa bidhaa zinazoingizwa Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe.

Tuchukue mfano wa gitaa la dola 200. Nauli ikiwa dola 90 na bima dola 10, thamani ya forodha ni dola 300. Ushuru ukiwa asilimia 10, tunafikia dola 330. Kodi ni dola 59.40, na jumla ni dola 389.40. Hiyo ni karibu mara mbili ya bei ya mwanzo, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Kiwango cha ushuru hapa ni cha mfano tu. Cha hakika kiulizwe forodha kabla ya kuagiza.

Gharama ya pili ni matunzo. Nyuzi sita za chuma huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 70 hivi wakati wote. Mbao zake hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, ilhali mwambao wetu mara nyingi huzidi asilimia 70. Matokeo yake mbao hufura, uso huinuka, nyuzi hukaa juu mno na kushika kutu.

Dukani mteja hulipiga gitaa, huchungulia kama shingo imepinda, na humtaka fundi arekebishe kabla hajalipa. Lililoagizwa likifika limepasuka, nauli ya kulirudisha yaweza kumeza nafuu yote.

Mtandao nao una nafasi yake. Nyuzi na vipuri vidogo ni vyepesi, na anayeagiza magitaa mengi kwa pamoja hugawanya nauli na malipo ya wakala.

Kwa anayenunua moja, alinganishe bei ya duka na gharama ya mlangoni, kisha atenge fedha za kasha gumu na nyuzi za akiba. Azifute nyuzi kila baada ya kupiga, wala asiliache gitaa ndani ya gari juani, kwani gundi hulainika. Mwenye duka naye akumbuke kuwa fundi mzuri ndiyo bidhaa asiyoweza kunyang'anywa na mtandao.