Nchi Jirani: Wananchi wa Katanga Waliokataa Kutengwa



Likitajwa jina la Katanga, wengi wetu hukumbuka upesi mtu mmoja, Moise Tshombe, na tarehe moja, 11 Julai 1960, siku aliyotangaza mjini Elisabethville kwamba jimbo hilo limejitenga na Kongo. Kongo yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa siku kumi na moja tu tangu kupata uhuru. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kana kwamba Katanga nzima ilitamka neno moja. Haikuwa hivyo. Nusu ya jimbo, na pengine zaidi, haikutaka kabisa kutengwa na ndugu zake, na watu wake walilipa gharama kubwa kwa kukataa. Hao ndio tunaokusudia kuwazungumza leo, na hasa tunazungumza nanyi ndugu askari wa jeshi na polisi, kwa sababu katika kisa hiki mwenye bunduki alikutana na raia mara nyingi, na si kila mara alijua ni raia wa namna gani aliye mbele yake.

Tuanze na kura, maana ndiko ubishi ulikoanzia. Katika uchaguzi wa Mei 1960 Baraza la Jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Chama cha Tshombe, Conakat, kilipata viti 25. Muungano wa vyama vilivyotaka Kongo moja, ukiongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe, ulipata viti 23. Viti vilivyosalia viligawanywa kwa wagombea binafsi na vyama vidogo. Hapo, kama mjuavyo, hakuna mshindi wa kusema jimbo ni lake. Sheria iliyokuwapo ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe, na wajumbe wa Balubakat, kwa kujua hivyo, walitoka nje ya Baraza ili akidi isitimie. Jambo la haki lingekuwa kukaa na kupatana. Lakini Juni 1960, wiki mbili tu kabla ya uhuru, Bunge la Ubelgiji, lililoketi Brussels, liliibadili sheria hiyo na kupunguza akidi, na Conakat ikaunda serikali ya jimbo peke yake. Kwa hiyo serikali iliyotangaza kwamba inasema kwa niaba ya watu wote wa Katanga ilikuwa imeingia madarakani kwa mlango uliofunguliwa kutoka ng'ambo.

Kwa nini mlango huo ufunguliwe? Sababu i chini ya ardhi. Kusini mwa Katanga kuna shaba na kobalti, na katika mgodi wa Shinkolobwe kulikuwa na urani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikichimba mali hiyo, na Waingereza nao walikuwa na hisa ndani yake kupitia kampuni ya Tanganyika Concessions. Sehemu kubwa mno ya mapato ya serikali ya Kongo ilitoka katika jimbo hilo moja. Baada ya 11 Julai kodi na ushuru wa kampuni havikupelekwa tena Leopoldville. Vilibaki Elisabethville, vikalipia bendera mpya yenye misalaba mitatu ya shaba, fedha mpya, stempu mpya, na zaidi ya yote, jeshi jipya. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua Katanga rasmi, wala Ubelgiji yenyewe. Lakini washauri wa Kibelgiji walijaa katika ofisi zake, na maofisa wa Kibelgiji wakaongoza askari wake. Kutotambua kwa mdomo na kutegemeza kwa mkono ni mambo yanayoweza kukaa pamoja vizuri sana.

Kuhusu jeshi hilo inafaa tutue kidogo. Jeshi la kikoloni la Kongo, Force Publique, lilifikia siku ya uhuru likiwa na askari wapatao 25,000, na katika hao hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Tarehe 5 Julai kamanda wake, Jenerali Janssens, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo ni yale yale ya kabla ya uhuru. Jioni hiyo maasi yakaanza. Sisi tusiwacheke wenzetu. Januari 1964 maasi ya askari yalitufikia hata sisi, na jeshi letu lilibidi lijengwe upya. Lakini tofauti ni hii: huko Katanga maasi yalitumiwa. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Elisabethville tarehe 10 Julai, yakawanyang'anya silaha askari wa Kikongo, na kesho yake Tshombe akatangaza kujitenga. Kisha likaundwa jeshi la Jandarmeri, askari wake wakiwa Waafrika na maofisa wake wengi wakiwa wageni, na hatimaye likaongezewa mamluki kutoka Ulaya, Afrika Kusini na Rhodesia. Askari wa aina hii alikula kiapo kwa nani? Hilo ni swali ambalo kila mwenye kuvaa sare anaweza kulijibu mwenyewe.

Sasa twende kaskazini. Huko ndiko kwa Waluba wa Katanga: Manono kwenye migodi ya bati, Kabalo kwenye mto na reli, na Albertville, ambayo siku hizi ni Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linalopiga mawimbi Kigoma. Watu wa huko waliona jambo rahisi. Utajiri wa shaba uko kusini. Siasa ya Conakat, tangu ilipoanzishwa mwaka 1958, ilikuwa ikiwagawa watu kuwa wenyeji halisi na wageni. Na masetla wa Kizungu walikuwa wamejiunga na chama hicho hicho kinachosema habari za wenyeji halisi. Mtu aliyezaliwa Kasai na kufanya kazi mgodini miaka ishirini aliitwa mgeni, na setla akaitwa ndugu. Na huyo waziri wa mambo ya ndani aliyesimamia siasa hiyo, Godefroid Munongo, alikuwa wa ukoo wa Mfalme Msiri, ambaye asili yake ni Usumbwa, magharibi mwa nchi yetu hii! Wala si aibu kutoka Usumbwa. Aibu ni kuvuta ngazi baada ya kupanda.

Tangu Agosti na Septemba 1960 kaskazini iliasi. Vijana wa Balubakat hawakuwa na silaha za maana: mishale, mikuki, mapanga, minyororo ya baiskeli na bunduki chache za kienyeji. Walikata madaraja, wakang'oa reli, wakaziba barabara kwa magogo. Jandarmeri ikajibu kwa safari za kuadhibu; vijiji vikachomwa moto na watu wakauawa bila kuulizwa. Ni lazima tuseme kweli yote: vijana nao waliua watu wasio na hatia, na hofu ikawa ndiyo serikali ya porini. Januari 1961, kwa msaada wa askari waliotoka Stanleyville, viongozi wa Balubakat walitangaza huko Manono jimbo lao, wakaliita Lualaba, ndani ya Kongo moja. Jandarmeri pamoja na mamluki waliutwaa tena Manono mwishoni mwa Machi. Mwezi uliofuata, walipojaribu kuushika Kabalo, walikuta askari wa Kihabeshi wa Umoja wa Mataifa, na mamluki wapatao thelathini wakatekwa.

Katika vita hivyo lipo tukio moja ambalo askari yeyote hana budi kulifahamu. Tarehe 8 Novemba 1960 kikosi cha doria cha Waayalandi kumi na mmoja wa Umoja wa Mataifa kilifika karibu na Niemba kukagua daraja lililobomolewa. Walikuwa wamekuja kulinda amani, na kwa kweli kuwalinda watu wale wale. Lakini wanakijiji wa eneo hilo walikwisha kushambuliwa na askari walioongozwa na Wazungu, na mbele yao wakaona Wazungu wengine wenye bunduki. Waliwazunguka. Waayalandi tisa walikufa. Watu wengi huko Ulaya walilieleza tukio hilo kuwa ni ushenzi, na hadithi ikaishia hapo. Sisi tunaliona kwa namna nyingine: mamluki anapowatesa raia, hupanda kifo ambacho askari mwema, asiyemjua mamluki wala hao raia, ndiye atakayekivuna. Sare haisemi yenyewe. Raia huisoma kwa kutazama matendo ya yule aliyeivaa jana.

Mjini Elisabethville upinzani ulikuwa wa namna nyingine. Huko walikuwako Waluba wa Kasai na wa kaskazini, makarani, mafundi na wachimba madini. Agosti na Septemba 1961 polisi wa Munongo walianza kuwakamata na kuwafukuza majumbani. Hawakuwa na silaha, basi walikwenda kukaa karibu na kambi ya Umoja wa Mataifa, na katika majuma machache wakazidi watu 30,000, wakiishi vibandani. Watu hao walipiga kura kwa miguu yao, na hakuna tangazo la redio ya Tshombe lililoweza kuifuta kura hiyo.

Wakati huo shinikizo la nje halikulala. Baraza la Usalama lilikwisha kuagiza tarehe 21 Februari 1961, baada ya ulimwengu kupata habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba katika ardhi hiyo hiyo ya Katanga, kwamba wanajeshi wa kigeni, washauri wa siasa na mamluki waondolewe. Lakini London, Brussels na Washington kulikuwa na watu wenye sauti kubwa waliomsifu Tshombe kuwa ngome dhidi ya ukomunisti, na Roy Welensky alimpa mgongo wa Rhodesia. Septemba 1961 ndege moja tu ya vita ya Katanga iliwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa ardhini. Uhabeshi ilikuwa tayari kutoa ndege zake, lakini Uingereza, iliyokuwa bado ikitawala Uganda, ilichelewesha ruhusa ya kupita huko. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola akienda kuonana na Tshombe. Kujitenga kulikoma Januari 1963 tu, baada ya mapigano ya mwisho, na tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi.

Mtu anaweza kutuuliza: je, Tanzania haikuitambua Biafra mnamo Aprili 1968? Iliitambua, na si vizuri kulikwepa swali hilo. Mwalimu Nyerere alisema kwamba watu waliouawa kwa wingi na kukosa ulinzi wa serikali yao hawawezi kulazimishwa kuiita ni yao. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Lakini pima Katanga kwa kipimo hicho hicho: huko waliokimbia kifo walikuwa wakiukimbia utawala uliojitenga.

Jason Sendwe hakuishi kuyaona matunda. Aliuawa Albertville Juni 1964, na waliomwua walikuwa waasi wa upande mwingine kabisa. Majuma machache baadaye Tshombe, aliyetaka kuivunja Kongo, alifanywa Waziri Mkuu wa Kongo yote. Majandarmeri wake walitawanyika hadi Angola. Wengine wao walirudi na bunduki jimboni, ambalo lilikwisha kuitwa Shaba, mwaka 1977 na tena 1978. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa tena kwa maelfu, wakapandishwa garimoshi kurudi katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Mwaka 2015 serikali ya Kinshasa iliigawa Katanga kuwa majimbo manne. Manono, mji uliotangaza jimbo la Lualaba mwaka 1961, sasa umo katika jimbo liitwalo Tanganyika. Jina la Lualaba limepewa jimbo la Kolwezi, yenye shaba na kobalti.