Kumkaribisha Mzee Mjini Goma kwa Siku za Mapumziko

Wewe uliye na kazi mjini Goma, na mzazi wako akaa mashambani au kisiwani, bila shaka umekwisha kumwambia zaidi ya mara moja, "Njoo upumzike kwetu siku chache." Ni neno jema. Amri ya kuwaheshimu baba na mama twaijua sote. Lakini sisi tufanyao kazi ya uuguzi twaona jambo ambalo watoto hawalioni. Mzee afika mjini Jumatatu akiwa mzima, na siku ya Alhamisi analetwa kwetu miguu imevimba, kichwa chazunguka, damu imepanda. Hakuna mtu aliyemtenda vibaya. Walimpenda kwa haraka, basi.

Naandika haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimekosa. Mwezi wa saba mwaka 2022 mama yangu, mwenye miaka 72, alitoka kisiwa cha Idjwi akaja kukaa nasi juma moja. Alikuwa akimeza dawa za ugonjwa wa damu kupanda, na mojawapo ni kile kidonge kinachoondoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Siku ya kwanza tulimpeleka asubuhi kwa shangazi, kisha soko la Virunga, kisha kumsalimu mchungaji, kisha kwa mjukuu aliyejifungua, na jioni tukamshusha ziwani apigwe picha. Kila mahali nilimwuliza, "Mama, umechoka?" Naye alijibu, "Hapana, mwanangu, twendeni." Usiku alianguka mlangoni. Nilipofungua mfuko wake niliona vidonge vya asubuhi havikumezwa, na chupa ya maji niliyompa ilikuwa imejaa vile vile. Nikamwuliza sababu. Aliona haya, kisha akasema, "Ningekwenda haja wapi, katika nyumba za watu?"

Nafundisha watu habari za afya kila juma, na jambo hilo sikuliwaza.

Basi shika neno hili kabla ya mengine yote: mzee hatasema amechoka. Hatasema ana kiu, wala hatasema ana haja ya kwenda chooni. Alilelewa katika adabu ya kutosumbua wenyeji, na sasa wenyeji wake ni watoto wake mwenyewe, waliotoa fedha nyingi kwa ajili yake. Kwa hiyo usingoje aseme. Mpango wako wa siku useme kwa ajili yake.

Uanze na choo. Kabla ya kumpeleka mzee mahali po pote, ujue choo kiko wapi, kina ngazi ngapi, na kama aweza kuinuka humo peke yake. Choo cha shimo cha kuchutama ni taabu kubwa kwa mtu mwenye magoti mabovu. Seremala wa mtaani aweza kufanya kiti chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo, nacho hakina gharama kubwa. Funga pia kamba nene au ubao ukutani, apate kuushika. Usiku weka ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, na taa ndogo, maana wazee wengi huanguka gizani wakitafuta mlango katika nyumba wasiyoizoea. Tena umfundishe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu mpaka 20, ndipo asimame. Akiinuka kwa ghafula damu haifiki upesi kichwani, naye aona giza.

Mkiwa njiani, simamisheni gari kila baada ya saa mbili hivi. Msimwulize kama ataka kushuka. Shukeni wote. Atembee hatua chache na kunyosha miguu, maana damu isiyotembea huweza kuganda katika mishipa ya mguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafula, huo si uchovu wa safari. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Na kile kidonge cha mkojo asikiache kwa shauri lake mwenyewe. Kabla ya safari amwulize muganga wake, naye aweza kumpangia saa nyingine ya kukimeza. Dawa zote zisafiri mkononi mwake, si katika mzigo uliofungwa juu ya gari, na ziwe za siku nyingi kuliko siku za safari. Katika nchi yetu njia yaweza kufungwa bila taarifa.

Hapo sina budi kusema wazi. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, M23 wakaushika mji, na uwanja wa ndege ukafungwa. Usipange safari ya mzee kwa habari za mwaka jana. Uliza juma lile lile: njia gani yapitika, mpaka wafungwa saa ngapi, fedha zapatikana wapi. Watu wa mahali aendako wakikuambia kwamba usiku kuna milio ya bunduki, mwache mzee kwake. Utamwalika tena.

Ziwani vilevile uwe na macho. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova na abiria wengi mno kilizama karibu na bandari ndogo ya Kituku, watu wakiona kwa macho yao kutoka ufukoni, na wengi walikufa. Kama chombo kimejaa, ngojeni cha pili. Kama hakuna jaketi la kuelea la kumvika mzee, msipande. Ukipoteza nauli, hiyo ni nauli tu.

Sasa tuseme amefika salama. Siku ya kwanza asiende mahali. Akae, ale, alale mchana, awaone wajukuu. Jirani watakuja kumsalimu wenyewe. Toka siku ya pili, kazi moja kwa siku moja, nayo iwe asubuhi tangu saa tatu mpaka saa tano, au alasiri jua likipungua. Goma iko juu, kama mita 1,500 toka usawa wa bahari. Mchana jua lachoma, na usiku baridi huingia. Mzee atokaye pande za chini kama Kisangani au Kindu aje na sweta na soksi, hata akikucheka. Miezi ya sita, ya saba na ya nane mvua ni chache na njia ni kavu, ila vumbi jeusi la mawe ya volkeno ni jingi, na mwenye pumu au kikohozi cha siku nyingi huteswa nalo. Afunike pua na kitambaa akipita njia zisizo na lami.

Kwa habari ya usafiri, pikipiki si chombo cha mzee. Najua ndizo zilizo nyingi na zenye bei ndogo, na wenye kuziendesha ni vijana hodari. Lakini mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wa miaka 70, mara nyingi mtu hatembei tena kama zamani. Afadhali kukodi taksi kwa nusu siku, mkapatana bei mbele, dereva akawangoja. (Chukudu tusiitaje. Mama yangu alitamani sana kupanda moja, yeye ambaye ujana wake wote aliona mizigo ya viazi ikishuka nayo vilimani. Tulimwonyesha sanamu ya chukudu iliyopo katika mzunguko wa barabara mjini, akaridhika.)

Neno la miguu nataka kulikalia kidogo, maana ni neno la Goma hasa. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Yana ncha kali, hayafanani na udongo wa vilimani. Mwenye ugonjwa wa sukari mara nyingi hana tena hisia nzuri nyayoni. Atajikata asubuhi katika kandambili asijue, na baada ya siku chache kidonda kimeoza. Nimeona mguu ukikatwa kwa jiwe dogo kama punje ya maharagwe. Mzee avae viatu vilivyofungwa, vilivyokwisha kuzoea mguu wake, si vipya ulivyomnunulia kwa furaha juzi. Kabla ya kuvaa, avikung'ute. Kila jioni mjukuu amwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, akauke vizuri katikati ya vidole, na amwangalie nyayo kwa taa. Fimbo yake iwe na mpira chini, upate kushika jiwe.

Mahali pa kwenda si lazima pawe pengi. Ufuko wa ziwa wampendeza karibu kila mzee, kama kuna kiti chenye mgongo na kivuli. Mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, si wa kupandwa naye, bali aweza kuutazama barazani kwako, na usiku mwingine ataona wingu jekundu juu ya kilele. Uliza pia kama waangalizi wa volkeno wametoa onyo lo lote, maana mwezi wa tano mwaka 2021 mlima uliwaka, na siku chache baadaye watu wengi wa mji waliamriwa kuhama. Wazee wengi walitembea kwenda Sake kwa miguu.

Ukimpeleka upande wa magharibi ya mji, pande za Lac Vert au vijia vya kando ya ziwa kuelekea Sake, jihadhari na mazuku. Hiyo ni hewa itokayo ardhini, hewa ya kaboni, nzito kuliko hewa tuivutayo. Haionekani, tena huwezi kuitegemea pua ikuonye. Hukaa mabondeni na mashimoni kama maji yakaavyo katika bakuli, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Ukiona ndege, panya au mbuzi aliyekufa bila jeraha katika kibonde, rudi nyuma mara moja. Mzee asikae chini kupumzika katika shimo lenye kivuli, hata kama majani ni mazuri, wala msipange kulala katika nyumba iliyojengwa bondeni pande hizo. Na mtu akianguka humo, asishuke mwenzake kumwinua bila kitu cha kumpa hewa safi. Atalala naye.

Wengine hupenda kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, kwa kuwa njia ya kando ya ziwa kule ni tambarare na yafaa kwa kutembea polepole. Ni shauri jema, kama karatasi ziko sawa na mpaka u wazi. Lakini foleni ni ndefu. Beba kiti kidogo cha kukunja, na umwombe ofisa kwa heshima ampitishe mzee mbele. Kule kuna chemchemi za maji moto ambazo watu husifu kwa maumivu ya viungo. Kutia miguu kwa muda mfupi si vibaya, lakini mgonjwa wa moyo asizame mwili mzima, na mgonjwa wa sukari apimiwe joto na mtu mwingine kwa mkono.

Chakula kisikusumbue. Sambaza wabichi waliopikwa laini ni chakula chema kwa asiye na meno mengi, maana huliwa pamoja na mifupa. Wale waliokaushwa kwa chumvi, pamoja na jibini ya Masisi, awe navyo kidogo tu kama damu yake hupanda. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa kipindupindu hakijaondoka pande zetu. Chandarua kiwe juu ya kitanda chake.

Tena ujue mapema hospitali iliyo karibu na nyumba yako, na utawafikaje usiku. Iko ya Mkoa, iko ya CBCA Virunga, iko Heal Africa, na nyingine. Mdomo ukipinda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, msingoje asubuhi, wala msimpe dawa ya jirani.

Mama alirudi mwaka 2023. Safari hii nilimwuliza neno moja tu kabla hajapanda chombo: "Mama, wataka kuona nini?" Nilifikiri atasema soko au kitukuu. Akasema ataka kuona mahali pa nyumba yetu. Nyumba ile ilikuwa karibu na kanisa kuu la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu, na tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita mjini mpaka ziwani, ukaliunguza kanisa lile na nyumba yetu pia. Yeye hakurudi hapo kamwe. Alikwenda Idjwi kwa ndugu zake akabaki. Mwaka wa kwanza tulimzungusha mjini kutwa, tena tulipita mita 200 kutoka pale, na hakusema neno.

Siku ya tatu tulikwenda. Dereva alisogeza taksi mpaka karibu. Nilikuwa nimekwisha kupatana na mama wa nyumba ya jirani juu ya choo chake. Mama alikuwa amemeza dawa, na chupa ya maji ilikuwa mkononi. Tuliweka kiti juu ya jiwe jeusi, mahali palipokuwa jiko, kwa kadiri tulivyoweza kukumbuka. Alikaa hapo saa moja na nusu. Mara mbili aliomba kwenda chooni, kwa sauti, mbele ya dereva, akarudi kitini pake. Kisha akaanza kutuonyesha kwa fimbo: hapa mlango, hapa mti wa parachichi, pale alipolala baba yenu.