Anekse ya manjanja: mutu wa posti ya usiku alale wapi?

Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita, sisi madelege watatu wa sendika tulienda kumuona mwenzetu nyumbani kwake, mu kambi moja ya zamani ya wafanyakazi hapa Lubumbashi. Anaendesha kamio kubwa la kubeba mawe. Wiki ile alikuwa posti ya usiku, na mara mbili mfululizo shefu wake alimukuta amesinzia kwenye usukani. Alikuwa amekwisha kupewa barua ya onyo. Tulienda na maneno ya kumutetea tayari kichwani, lakini tuseme ukweli: mmoja kati yetu alifikiri ni pombe.

Tulifika saa saba ya mchana. Mama wa nyumba akatuongoza nyuma, kwenye anekse. "Iko analala," akasema, "lakini haiko kulala ya kweli." Tulimukuta ameketi pembeni ya kitanda, kifua wazi, ventilatere inamupulizia ile ile hewa ya moto. "Minalala saa mbili, saa ine niko macho," akatuambia. "Shuka yote ni maji." Juu ya kabati kulikuwa bugi ndani ya chupa, ya kungojea delestaji. Haikuwa imewashwa, lakini ilikuwa imeinama yenyewe, kichwa chini, kwa joto la chumba.

Dakika kumi hatukumaliza mule ndani. Tulitoka inje, barua ya onyo ikabaki mufukoni, tukaanza kuangalia paa.

Nyumba yenyewe, ile ya mbele, ni nyumba nzuri. Wale walioijenga walipiga ukuta munene wa matofali ya kuchoma, wakaweka plafo juu sana, na matundu chini ya paa ili hewa ipite. Kuko na barza inayozuia jua kufika ukutani. Nyumba nyingi za zamani za kambi ziko vile, na wazee wetu walizikaa bila ventilatere. Lakini ilijengwa kwa ajili ya bwana, bibi na watoto wao. Leo inabeba watoto, wajukuu, na mama mukwe aliyekuja kutoka Kasenga. Mutu afanye nini? Posho ya nyumba haitoshi kupanga kwingine. Anaita masoni, anaongeza vyumba viwili nyuma.

Na hapo ndipo makosa yanaingia. Bloki za simenti, nyembamba. Manjanja yamepigiliwa misumari moja kwa moja juu ya mbao. Dirisha moja dogo linaloangalia magaribi, kwa sababu upande mwingine ni ukuta wa jirani. Plafo "tutaweka mwaka kesho, makuta yameisha". Ilikuwa mwaka wa tano sasa. Tena baba mwenye kufanya kazi ya usiku njo alipewa chumba kile, kwa heshima, awe mbali na kelele za watoto.

Manjanja yakipigwa na jua yanawaka sawa mbabula iliyogeuzwa kichwa chini, na moto wake unashuka juu ya yule aliyelala. Ventilatere haiwezi kitu pale. Kinachosaidia ni kuweka kitu kati ya paa na kitanda: plafo ya tripleksi, hata ya mikeka ya matete, na nafasi juu yake yenye matundu pande mbili ili hewa ya moto itoke. Matundu yafunikwe na waya ya chandarua, panya na popo wasiingie. Manjanja yapakwe rangi nyeupe kwa juu, yarudishe jua. Kwa frigoliti tunaomba watu waangalie sana: inazuia joto vizuri, lakini ikishika moto chumba kizima kinajaa moshi wa sumu, na sisi ni watu wa bugi.

Upande wa chumba nao una hesabu yake. Lubumbashi iko kati ya digri 11 na 12 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya kichwa chetu mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari, na muda mrefu kati ya Februari na Oktoba linakuwa upande wa kaskazini. Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya huku mita 1,200 inatupiga, dirisha la kaskazini linaingiza jua la bure. Mwezi wa kumi jua limepanda juu sana, na paa lililotokeza kidogo mbele ya dirisha hilo linatosha kulizuia. Dirisha la magaribi ni adui: jua la saa kumi linaingia chini chini, hakuna paa la kulizuia. Kama hakuna njia ingine, pandeni muembe ao mutengeneze barza ndogo upande ule.

Lakini ile siku tuliona jambo lingine lililotuogopesha kuliko joto. Anekse ilipojengwa, ukuta wake ulifunga dirisha la chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani. Chumba kile, chenye kulala mama mukwe na wajukuu wawili, hakina tena hewa ya inje. Mu Julai, akatuambia mama wa nyumba, waliingiza mbabula mule kwa sababu ya baridi. Asubuhi mutoto mmoja alikuwa anatapika na kichwa kinamuuma, wakasema malaria. Haikuwa malaria. Gazi ya makala haina harufu, na chumba bila dirisha ni sanduku. Walioshuka chini ya udongo wanajua: kwanza hewa, kisha kazi. Kwa nini nyumbani tusahau?

Ruhusa ya kujenga aliitafuta, akaipata. Waliangalia mipaka ya parseli na karatasi. Kuhusu joto ao hewa hakuulizwa hata neno moja. Afrika Kusini, tangu 2011, kuna kanuni inayoitwa SANS 10400-XA: anayejenga nyumba, ao anayeipanua, lazima paa lake lizuie joto, na maji ya moto yasitegemee umeme peke yake. Hatusemi tuikopi yote, manake huku umeme wenyewe tunautafuta. Lakini swali moja tu kwenye karatasi ya ruhusa, "chumba cha zamani kitapumua wapi?", haligharimu franga.

Kwa upande wetu wa kazi, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamutaka mwajiri atoe nyumba, ao posho ya nyumba. Kampuni inahesabu saa za mapumziko ya mwenye posti ya usiku: ametoka saa kumi na mbili, atarudi jioni, amepumzika. Kwenye karatasi, ndiyo. Ndani ya manjanja mwezi wa kumi, alilala saa mbili, kisha akapewa usukani wa kamio lenye uzito kuliko nyumba yake. Ndiyo sababu tumeandika plafo kwenye orodha ya mambo tunayopeleka kwenye mazungumzo ya mwaka huu, pamoja na buti na maziwa. Mukubwa mmoja alicheka. Tulimualika aje alale mule saa saba ya mchana, hajakuja.

Kwa mwenzetu tulikopesha makuta ya kasha la sendika. Masoni alivunja ukuta kidogo, chumba cha nyuma kikapata dirisha kupitia kijia kati ya nyumba na anekse. Tripleksi iliwekwa kabla ya Noeli. Kitanda chake kimerudi nyumba ya mbele, na watoto njo wako kwenye anekse, kwa sababu wao wanalala usiku.

Barua ya onyo ingali ndani ya dosye yake. Tumeandika iondolewe, na tunangoja jibu.