Dirisha limegoma kufunguka? Usikimbilie aluminiamu kwanza

Julai iliyopita, asubuhi ya ile baridi ya Nairobi inayoingia hadi kwa mifupa, shosho wangu aliamka nyumbani kwake Mbotela kichwa kinamgonga na miguu imelegea. Usiku alikuwa ameingiza jiko la makaa ndani ili apate joto. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, hakuna moshi, akaona hapo hakuna shida. Alipotaka kufungua dirisha apate hewa, dirisha halikusonga. Akajikokota hadi mlangoni akishikilia ukuta, akaketi nje mpaka jirani akamwona.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Ila wikendi hiyo nilipoenda kumjulia hali, sikuishia kumsomea kuhusu jiko. Nilienda moja kwa moja kwa dirisha. Nikasukuma kwa mkono, nikasukuma kwa bega. Wapi! Lilikuwa limeshikana na fremu utadhani limechomelewa.

Tuelewane kwanza kuhusu makaa, maana wengi wetu hudhani hatari ni moshi. Makaa mekundu yasiyofuka bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Dirisha wazi halifanyi jiko liwe salama chumbani. Mahali pa jiko ni nje, hiyo haina mjadala. Lakini dirisha lisilofunguka limekunyima hata nafasi ya pili. Na hata bila jiko, chumba kisichopitisha hewa hukusanya unyevu, ukuta unaota ukungu mweusi, na mwenye TB akikohoa humo viini hubaki hewani muda mrefu zaidi.

Nyumba zenyewe ni za zamani. Mbotela ni moja ya ile mitaa ya baraza la jiji iliyojengwa Eastlands miaka ya 1950, na jina lake ni la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952. Babake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Jirani zetu wa Ofafa nao wamebeba jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Kwa hivyo tunazungumza kuhusu nyumba zilizowazidi umri wazazi wetu wengi, na mara nyingi madirisha ni yale yale.

Ukitafuta video za kurekebisha madirisha ya zamani utaona Waingereza wakihangaika na madirisha ya mbao yanayopanda na kushuka kwa kamba, na vyuma vizito vimefichwa ndani ya fremu. Hayo hapa kwetu ni nadra. Lililotufikia Nairobi kwa wingi ni lile la chuma chembamba, vioo vidogo vidogo, linalofunguka kwa nje kama mlango. Kampuni ya Crittall ya Essex, Uingereza, ilianza kuunda madirisha ya chuma mwaka wa 1884, na mtindo huo ukasambaa kote walikojenga Waingereza. Chuma hakiliwi na mchwa, hakivimbi mvua ya Aprili ikinyesha. Adui yake ni mmoja, kutu, na kutu tumeipa miaka sabini ya kufanya kazi.

Binamu yangu alikuwa na jibu rahisi: ng'oa, weka aluminiamu ya kusukuma. Sina kesi na aluminiamu. Lakini hesabu ilinikataa. Kwanza pesa. Pili, nyumba ni ya kaunti, na kung'oa fremu kutoka kwa ukuta wa mwenyewe si jambo la kufanya kimyakimya Jumamosi. Tatu, dirisha la kusukuma lenye vipande viwili hufunguka nusu tu, kwa sababu kipande kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. La zamani hufunguka lote. Kama unachotafuta ni hewa, utakuwa umelipa pesa nyingi ili upate nusu.

Kuna na swali ambalo kila mtu wa mitaa hii hujiuliza: mbona nirekebishe nyumba itakayobomolewa? Pangani nyumba za zamani zilishatoka, maghorofa yakasimama. Habari za kujenga upya mitaa mingine ya Eastlands haziishi. Mimi jibu langu ni kwamba tingatinga halina tarehe, baridi ina tarehe. Julai itakuja. Na kazi yenyewe, kama utakavyoona, inataka jasho kuliko pesa.

Nilienda kwa fundi wa vioo, mzee mmoja anayefanyia kazi yake karibu na Jogoo Road, nikamleta aangalie. Hakugusa hata mkono wa dirisha. Aliangalia kioo cha chini kilichokuwa na ufa umetoka kwa kona ukapanda juu.

"Hiki kilipasuliwa na nani, mama?"

"Si hawa vijana na mpira wao," shosho akasema.

"Hapana mama, hao umewaonea. Hii ni kutu."

Akatuonyesha. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiva kuwa kutu. Fremu ya chini, pale maji ya mvua hukaa, inavimba polepole chini ya kioo. Kioo hakipindi. Siku moja usiku unasikia tap! na asubuhi kuna ufa kutoka kwa kona. Kioo cha mpira kawaida huwa na alama pale kilipopigwa, na nyufa zinasambaa kutoka hapo. Ukibadilisha kioo ukaacha kutu, unanunua ufa mwingine wa baadaye. Shosho alikuwa amebadilisha kile kioo mara mbili.

Na kugoma kufunguka? Hiyo hata si kutu sana. Ni rangi. Kila mpangaji, kila Krismasi, mtu amepaka rangi juu ya rangi dirisha likiwa limefungwa, hadi ule mwanya kati ya fremu na dirisha ukajaa. Tumekuwa tukijifungia ndani kwa brashi.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba bega si chombo cha kazi. Ukisukuma kioo kitavunjika na mkono wako utapita nacho. Unachukua kisu chenye wembe imara, unakata ile rangi taratibu kufuata mwanya wote, ndani na nje. Halafu unaweka kibao juu ya chuma, si juu ya kioo, unagongagonga na nyundo ndogo ukizunguka. Bawaba unazipa oili na kuziacha zilale usiku mzima. Letu lilifunguka siku ya pili, na sauti ya kukwaruza iliyofanya majirani watoke. Kama mna grili ndani, jiandae kufanya nusu ya kazi mkono ukiwa umepenyezwa kwenye vyuma.

Kabla hujakwangua ile rangi, subiri. Rangi za zamani nyingi ziliwekwa risasi, ile metali, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Kenya siku hizi kiwango kinachoruhusiwa ni sehemu 90 kwa milioni, lakini rangi ya chini kabisa kwenye dirisha lako haikusubiri sheria. Kwa hivyo usikwangue kavu, na usilete mtu wa grainda akujazie chumba vumbi. Lowesha, tumia msasa wa maji, tandaza karatasi ya nailoni chini, vaa barakoa, watoto waende kwa jirani, na maganda yote uyafunge kwa mfuko utupe. Usifagie, panguza na kitambaa kibichi.

Ukifika kwa kutu, brashi ya waya. Hapa hakuna njia ya mkato na ndipo watu wengi hudanganyana. Rangi ikipakwa juu ya kutu inang'aa wiki mbili, kisha inainuka kama ngozi iliyoungua. Sugua mpaka uone chuma kinachong'aa, panguza, kausha, na upake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Ni ile nyekundu ya matofali ambayo mafundi huiita redi oksaidi. Ukiacha chuma uchi usiku mmoja, umande utakurudisha mwanzo.

Kioo ndicho kilinitia woga zaidi. Kinashikiliwa na pati, ule unga wa chaki uliokandwa na mafuta, ambao baada ya miaka huwa mgumu kama simiti. Fundi aliutoa kwa patasi, kidogo kidogo, glavu mkononi na miwani machoni. Ndani yake kuna vipini vidogo vya chuma vinavyobana kioo, vitunze, vinarudi. Pima nafasi juu, katikati na chini, kwa sababu fremu ya miaka sabini haiko sawa, chukua kipimo kidogo zaidi kisha upunguze milimita tatu. Kioo kikibana leo, kitapasuka jua likiwaka.

Jambo ambalo sikulijua: pati si moja. Ile ya kawaida ya mbao hukauka vizuri kwa sababu mbao hunywa sehemu ya mafuta yake. Chuma hakinywi. Ukienda hadiwea sema waziwazi unataka ya madirisha ya chuma, la sivyo utarudi nyumbani na kitu kitakachobaki laini wiki kwa wiki. Unatandika pati nyembamba kwanza, unakalisha kioo ukikibonyeza pembeni, kamwe si katikati, unarudisha vipini, kisha unaweka pati ya nje na kuilaza kwa kisu iwe mteremko wa kumwaga maji. Mzee alifanya upande mmoja kwa mpito mmoja wa kisu. Wangu ulionekana kama chapati iliyokataa kuiva. Akacheka, akaukwangua, akanipa tena. Wa tatu ukapita.

Pati iachwe ikauke juu juu kabla ya rangi. Yetu tuliipa wiki mbili. Rangi ya mwisho ivuke kidogo hadi kwenye kioo, milimita mbili hivi, ili maji yasipenye kati ya kioo na pati. Na pale dirisha linapogusana na fremu, paka nyembamba sana, na rangi ikiwa inakauka lifungue na kulifunga kila baada ya muda. Mimi niliketi hapo mchana mzima na simu, nafungua nafunga, shosho akiniuliza kama nimepagawa. Hapo ndipo wote waliotutangulia walipokosea.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Machi kabla ya masika na Oktoba kabla ya vuli, tone la oili kwa bawaba na kwa ule mkono wenye matundu unaoshikilia dirisha likiwa wazi, panguza uchafu kwa fremu ya chini, na ukiona tone la kutu linachungulia, msasa na rangi hapo hapo. Dakika ishirini. Ukiwa mpangaji, ongea na mwenye nyumba kabla hujaanza, hata kama ni kwa ujumbe wa simu tu, ubaki na ushahidi kwamba alikubali.

Tukiwa juu ya stuli ndipo tukaona la mwisho. Juu ya dirisha kuna yale matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani, ambayo hayafungwi kwa makusudi. Yalikuwa yamejaa magazeti, mengine yamegeuka manjano. Nikauliza ni nani. Shosho akaangalia pembeni. "Mbu," akasema. "Na baridi." Tukayatoa, tukaweka wavu wa waya, na nikamnunulia blanketi zito ili tusirudi kwenye jiko.

Madirisha mawili sasa yanafunguka. La jikoni bado ni kesi. Nililikata rangi, nikalipa oili, likafunguka vidole viwili likagonga mabati. Nyuma yake kuna chumba cha mabati kilichojengwa uani, na ndani anaishi mama na watoto wawili ambao pia dirisha lao, lile dogo moja, linaangalia ukuta wetu. Tumeanza kuongea naye kuhusu kukata karatasi moja ya mabati ili wote tupate upepo. Anasema atamuuliza anayemlipa kodi.