Wateja Wanapokutangazia Biashara: Faida na Tahadhari

Mpika chapati, fundi wa viatu au mfugaji wa kuku huenda asimudu gharama ya tangazo la redio au bango la barabarani. Hata hivyo, wateja wake hutembea na chombo kinachoweza kufikisha habari zake mbali, nacho ni simu. Video fupi ikiwekwa kwenye WhatsApp, TikTok au Facebook, mtazamaji humtumia rafiki yake, na rafiki huipeleka kwenye kikundi cha chama, cha kanisa au cha mtaa. Kwa njia hii wateja wenyewe ndio wanaosambaza habari za biashara.

Inavyofanya kazi

Wateja 10 wakiwatumia watu watatu kila mmoja, watu 30 watapata habari. Hao 30 wakifanya vivyo hivyo, watafikiwa wengine 90, kisha 270. Lakini kila anayeiona akinyamaza, safari inaishia hapo. Kwa hivyo, mfanyabiashara anapaswa kujiuliza: mteja ana sababu gani ya kumtumia mwenzake habari hii?

M-Pesa ni mfano mzuri. Safaricom ilipoanzisha huduma hiyo mwezi Machi 2007, aliyejisajili aliweza kumtumia pesa hata mtu ambaye hakuwa amejisajili. Mpokeaji alipata ujumbe kwenye simu, akaenda kwa wakala na kuchukua pesa zake. Kila aliyetuma pesa nyumbani alikuwa pia amemwonyesha jamaa yake jinsi huduma inavyofanya kazi.

Faida

Kwanza, gharama ni ndogo: simu, bando na muda. Pili, watu huamini zaidi neno la jirani au ndugu kuliko tangazo la kulipiwa. Tatu, maoni ya watazamaji humfunza mwenye biashara wanachopenda wateja, bei wanayoiona ghali na mahali wanapotaka kuletewa bidhaa.

Ili kupata faida hizo, video iwe fupi isimalize bando la mtu. Ionyeshe jambo lenye manufaa au la kufurahisha, kama vile namna ya kutambua ngozi halisi ya kiatu. Jina la biashara, mahali ilipo na nambari ya simu viandikwe ndani ya video yenyewe, kwa sababu maelezo ya pembeni mara nyingi hupotea inapopitishwa kutoka simu moja hadi nyingine. Kila mteja mpya aulizwe alivyosikia habari, ndipo ijulikane kama video inaleta mauzo au inatazamwa tu.

Tahadhari

Habari ikishasambaa haiwezi kurudishwa. Anayeweza kupika chapati 200 kwa siku asipokee malipo ya chapati 500. Wateja watakaokosa bidhaa watasambaza malalamiko kwa kasi ileile waliyosambazia sifa. Ni heri kutangaza mapema kiasi kilichopo na siku ya kuletewa.

Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza kuwapotosha wanunuzi. Kusema kwamba asali ni safi ilhali imechanganywa na sukari ni kosa.

Picha za wateja nazo zina sheria yake. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mfanyabiashara anapaswa kupata idhini ya mtu kabla ya kutumia picha yake kutangaza biashara. Mwaka 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilikiadhibu kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kwa Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kiasi hicho kinatosha kufunga biashara nyingi ndogo. Mteja aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha, na akikataa aheshimiwe. Kwa picha ya mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kutoa idhini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Simu hurahisisha kazi hiyo, lakini haiwezi kuficha bidhaa mbovu. Mfanyabiashara na ahakikishe kwanza kwamba bidhaa ni nzuri, bei ni ya kweli na leseni ya biashara haijapitwa na wakati, kisha awaombe wateja walioridhika wawaambie wengine.