Kompyuta na Uchunguzi wa Mitambo ya Umeme

Ni nadra mashine ya kuzalisha umeme kuharibika ghafla. Kabla ya kusimama huwa imekwisha kutoa dalili kwa majuma au miezi: beringi hupata joto, mtikisiko huongezeka, na mafuta hutumika mengi zaidi kwa kazi ile ile. Utaalamu wa kuchunguza mitambo kwa kompyuta umejengwa juu ya jambo hilo. Inafaa vyama vyenye jenereta, hasa katika vituo vya kupozea maziwa na viwanda vya kumenyea kahawa, viufahamu kabla ya kamati kuidhinisha fedha.

Kiini chake ni kielelezo cha hesabu. Wahandisi huandika tabia ya mashine iliyo nzima: ikibeba mzigo wa kiasi fulani, moshi wake utakuwa na joto gani, itatumia mafuta kiasi gani, itatikisika kiasi gani. Hesabu hiyo huwekwa katika kompyuta. Vipimo vilivyofungwa kwenye mashine hupeleka habari kila mara, nayo kompyuta hulinganisha kilichopimwa na kilichotazamiwa. Joto la moshi lisilo na neno injini ikibeba mzigo wote huwa ni dalili ya kasoro likionekana mzigo ukiwa nusu.

Mtikisiko nao husema mengi. Jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde. Ikitikisika mara 25 kwa sekunde, kwa kawaida rota imepoteza ulinganifu wa uzito. Ikitikisika mara 50, mara nyingi injini na jenereta hazikufungwa katika mstari mmoja. Beringi iliyoanza kulika hutoa mtikisiko wa kasi zaidi, ambao sikio la fundi huusikia ukiwa umechelewa.

Hata hivyo, kipimo hakizimi mashine kama hakuna aliyeamua izimwe. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya kwenye mto Yenisei, Siberia, mtambo nambari 2 uling'oka mahali pake, maji yakafurika ukumbini na watu 75 wakafa. Kituo hicho cha megawati 6,400 kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini Urusi. Taarifa ya uchunguzi ilieleza kuwa mtikisiko wa mtambo huo ulikuwa umepita kiwango kilichoruhusiwa, nao uliendelea kutumika. Bolti zilizoshika mfuniko wake zilikutwa na nyufa za uchovu wa chuma, na baadhi hazikuwa na nati. Kasoro ya namna hiyo haihitaji kompyuta kuonekana. Yahitaji mtu mwenye spana na ratiba.

Katika chama cha msingi kielelezo cha kwanza ni daftari. Jenereta ya dizeli iliyo nzima, ikibeba mzigo wa kutosha, hutumia takriban lita 0.25 hadi 0.3 kwa kila uniti ya umeme. Tuseme mwezi mmoja zimetumika lita 600 kwa uniti 2,000, yaani lita 0.30 kwa uniti. Miezi miwili baadaye zikatumika lita 720 kwa uniti zile zile, yaani 0.36. Katibu amekwisha kupata dalili. Huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli zimechakaa, au mashine kubwa inaendeshwa kwa mzigo mdogo hata dizeli haiungui yote na bomba la moshi linalowa mafuta. Huenda pia mafuta hayafiki yote katika tangi, jambo ambalo kompyuta haiwezi kulitofautisha na nozeli mbovu.

Chama kisichoandika saa, lita na uniti kila siku hakina cha kuilisha kompyuta hiyo, na kitakuwa kimenunua taa ya kumweka. Maziwa ya jioni yakichacha kwa kukosa umeme, hasara ni ya mwanachama aliyeyaleta, wala si ya muuza vifaa.

Kamati ikiamua kununua, na imwulize muuzaji ni nani atakayeweka viwango vya hatari vya mashine yao yenyewe, kwa kuwa viwango vya kiwandani havijui umri wake. Tena imtaje mtu mmoja wa zamu mwenye mamlaka ya kuzima mashine usiku bila kungoja ruhusa ya mwenyekiti, na jina lake liandikwe katika muhtasari wa mkutano.