Msimu wa Riadha za Kimataifa na Njia ya Kijana wa Tarime na Serengeti

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia ukingoni mkoani Mara, nchi za kaskazini mwa dunia huingia katika majira ya joto na kufungua viwanja vyao kwa msimu mkuu wa riadha za kimataifa. Msimu huo huanza Aprili au Mei na kufikia kilele Agosti na Septemba. Kwa vijana wengi wa Wilaya za Tarime na Serengeti, mashindano hayo huonekana katika runinga pekee. Hata hivyo, njia ya kuyafikia ipo, na huanzia katika kiwanja cha shule.

Mkoa wa Mara si mgeni katika jambo hili. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alitwaa medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika michezo hiyo hiyo, Filbert Bayi alipata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali mbili pekee ambazo Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki. Nyambui alishinda pia mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na 1988. Septemba 2025, Alphonce Simbu aliiletea Tanzania medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo.

Msimu unavyoendeshwa

Mhimili wa msimu ni Diamond League, mfululizo wa mashindano ulioanzishwa mwaka 2010 unaozunguka miji kama Doha, Oslo, Paris, Monaco na Zurich. Wanamichezo wanane wa kwanza katika kila mchezo hupewa pointi, kuanzia 8 kwa mshindi hadi 1 kwa wa nane. Wenye pointi nyingi hukutana katika fainali. Chini ya ngazi hiyo yapo mashindano mengine yanayotambuliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia, yakiwemo ya Kip Keino Classic yaliyoanza Nairobi mwaka 2020, jiji linalofikika kwa barabara kupitia mpaka wa Sirari.

Mwanamichezo hufuzu Mashindano ya Dunia kwa njia kuu mbili: kufikia kiwango kilichowekwa, au kuwa katika nafasi nzuri kwenye orodha ya ubora wa dunia. Kwa mashindano ya Tokyo 2025, kiwango cha kuruka chini kilikuwa mita 8.27 kwa wanaume na mita 6.86 kwa wanawake. Mwanamichezo hawezi kujisajili mwenyewe. Jina lake huwasilishwa na shirikisho la nchi yake, ambalo kwa Tanzania ni Riadha Tanzania.

Kwa nini matokeo ya shuleni hayatoshi

Hapa ndipo vipaji vingi hupotelea. Kijana anaweza kuruka umbali mkubwa katika kiwanja cha shule Nyamongo au Mugumu, lakini matokeo hayo yasitambuliwe kimataifa. Ili yatambuliwe, shindano lazima liwe katika kalenda rasmi, lisimamiwe na waamuzi wenye sifa, na umbali upimwe kwa utaratibu uliowekwa. Kwa mbio fupi, muda uliochukuliwa kwa saa ya mkononi haukubaliki katika kufuzu. Huhitajika mtambo wa kielektroniki.

Upepo nao huangaliwa. Katika kuruka chini, miruko mitatu na mbio za mita 100 na 200, upepo wa nyuma unaozidi mita 2.0 kwa sekunde hufanya matokeo yasihesabiwe kuwa rekodi wala kiwango cha kufuzu, ingawa mshindi hubaki mshindi. Michezo mingine hutumia njia tofauti. Katika kuruka kwa skii, ambako tangu mwaka 1994 mashindano ya kimataifa ya majira ya joto hufanyika bila theluji juu ya mikeka ya plastiki iliyoloweshwa maji, mrukaji huongezewa au kupunguziwa pointi kulingana na upepo.

Kwa hiyo, ngazi za mashindano ya nchini ni za lazima. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huchuja wanafunzi kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Kutoka UMISSETA huchaguliwa timu za michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSA, ambayo Tanzania iliiandaa jijini Arusha mwaka 2022.

Desemba na hatima ya msichana

Msimu unaoanza Aprili hujengwa miezi kadhaa kabla. Novemba hadi Januari ni kipindi cha kuimarisha misuli na pumzi. Kwa msichana wa Tarime na Serengeti, miezi hiyo inagusana na likizo ya Desemba, ambayo katika baadhi ya jamii imekuwa msimu wa ukeketaji. Madhara yake si kupoteza mazoezi tu: ni kutokwa damu, maambukizi, matatizo ya uzazi, na mara nyingi kukatishwa masomo kwa ndoa ya utotoni. Msichana akitoka shuleni, hutoka pia katika ngazi za UMISSETA.

Tangu mwaka 1998, sheria za Tanzania zinatamka kuwa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 15. Taarifa hutolewa kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, au kwa simu namba 116 ya huduma kwa mtoto. Wilayani Tarime kipo kituo cha Masanga, na Mugumu ipo Nyumba Salama, kwa ajili ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Wajibu wa mzazi na mwalimu

Mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 hupokea wenye umri wa miaka 16 hadi 19 kufikia Desemba 31 ya mwaka husika. Umri huthibitishwa kwa nyaraka, hivyo cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA na hati ya kusafiria huandaliwa mapema. Mwalimu wa michezo anapaswa kutunza kumbukumbu za matokeo na kumjulisha afisa michezo wa halmashauri anapoona kipaji. Mzazi naye ana wajibu wa kwanza kuliko wote: kuhakikisha kuwa shule inapofunguliwa Januari, mtoto wake, wa kike na wa kiume, anarudi darasani na kiwanjani akiwa mzima.